Kondomu zinaniwasha na bado nanyonyesha: dukani ninunue nini?

MamaMbao_Mafinga

Kamweneni wadau. Nipo Mafinga, nina miaka 26, mtoto wa pili ana miezi minne. Mume wangu ni dereva wa lori la mbao, anashusha Dar, kwa hiyo wiki mbili anaweza asionekane, akirudi anakaa siku tatu nne anaondoka tena. Tangu nijifungue tunatumia kondomu na zinaniwasha vibaya mno, kesho yake hata kukaa kwenye kigoda nikaange vitumbua ni shida. Tumebadilisha aina, hali ni ile ile.

Zahanati naiogopa. Muuguzi wa uzazi wa mpango anaimba kwaya moja na mama mkwe, na mama mkwe anataka mjukuu wa kiume mwakani. Mume hana neno, tumekubaliana kupumzika kwanza.

Nataka kitu cha kununua duka la dawa nikaondoka nacho. Wiki iliyopita nilimeza P2, kile kidonge cha dharura, muuzaji akasema nitumie hiyo hiyo kila mume akirudi. Jirani anameza majira, yale yenye vidonge vya kahawia, anasema ninunue hayo. Siku zangu bado hazijarudi. Mtoto ananyonya, ila mwezi huu ameanzishiwa uji, mama mkwe kasema maziwa hayamtoshi. Nishaurini jamani.

Baba_Tukuyu

Hesabuni kalenda tu dada. Mimi na mama watoto mwaka wa sita huu, hakuna dawa mwilini.

DadaWaDuka_Uyole

Mama Mbao, hongera kwa mtoto. Nauza duka la dawa muhimu hapa Uyole, na wenye swali lako wananijia sana. (Kaka wa Tukuyu, kalenda inahitaji mzunguko wa kuhesabu. Huyu siku zake hazijarudi, ataanzia wapi?)

P2 usiigeuze ya kila safari. Ni ya dharura. Inachelewesha yai kutoka, ndiyo maana inatakiwa imezwe ndani ya saa 72, na ukiwahi zaidi ndiyo bora. Tendo la kesho yake haikukingi. Sasa shemeji akikaa siku nne utameza mara nne? Damu itakuja ovyo ovyo, na mimba unaweza kuipata vilevile. Ile ya wiki iliyopita haimdhuru mtoto anayenyonya, usiwe na hofu, ila wiki tatu baada ya lile tendo nunua kipimo cha mimba cha mkojo ujihakikishe.

Majira ya jirani nayo yaache kwanza. Vidonge 21 vina homoni mbili, vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Homoni mojawapo, estrojeni, inaweza kupunguza maziwa, kwa hiyo anayenyonyesha anashauriwa asubiri mtoto afike miezi sita. Hata akifika, hayamfai mwenye presha ya juu, mwenye kipandauso kinachoanza na vimulimuli machoni, wala mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35. Muuzaji asiyekuuliza hayo, muulize wewe.

Ulizia vidonge vya mama anayenyonyesha, vya homoni moja. Microlut ni mojawapo. Pakti ina vidonge 35, vyote rangi moja na vyote vina dawa. Ikiisha, kesho yake unafungua nyingine, hakuna kupumzika. Unaweza kuanza sasa hivi ingawa siku hazijarudi, siku 2 za mwanzo mjikinge. Kipimo cha mkojo ufanye wakati ule ule niliokuambia.

Kasheshe ya vidonge hivi ni saa. Ukipitiliza saa yako kwa zaidi ya saa 3, meza papo hapo ukikumbuka, endelea kama kawaida, na mjikinge siku 2. Mimi wateja wangu nawaambia wameze pale muziki wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku unapoanza. Na unameza mume awepo asiwepo! Wanawake wa madereva wengi wanaacha akiondoka wanaanza akionekana getini, kisha wanalaumu dawa. Kama unatumia dawa za TB zenye rifampisini au za kifafa, sema kabla hujanunua, zinavipunguzia vidonge hivi nguvu.

Kuhusu uji. Kunyonyesha kunazuia mimba vizuri pale mtoto hajatimiza miezi sita, siku hazijarudi, na ananyonya mchana na usiku bila kupewa kitu kingine chochote. Uji ulipoingia, kinga hiyo ikatoka. Na maziwa yanamtosha mpaka miezi sita, mweleze mama kwa adabu.

La mwisho naliandika kwa upendo. Kidonge hakizuii VVU. Sisemi shemeji ana mambo, simjui. Ila utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiongoza Tanzania kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wenye maambukizi, na Iringa yenu ikafuatia kwa 11.1. Akirudi, kapimeni wote wawili kabla hamjaacha kondomu. Muwasho nao unaweza kuwa ni mpira wenyewe, yaani lateksi, au mafuta yaliyopakwa. Kondomu ya kike inayotengenezwa kwa naitraili haina lateksi, iulizie. Muwasho usipokoma hata bila kondomu, huenda ni fangasi, uangaliwe.

Kijana_wa_Makambako

Kuna povu na vile vidonge vya kuweka ukeni, vinaua mbegu. Si rahisi zaidi?

DadaWaDuka_Uyole

Kwa huyu hapana. Vingi vina dawa ya kuua mbegu iitwayo nonoksinoli-9, na ikitumika mara kwa mara inachubua ukeni, VVU vinapata njia. Mtu keshaanza na muwasho! Halafu kwa matumizi ya kawaida, kama wanawake 21 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka.

Mwalimu_Ipogolo

Naongeza kidogo. Marekani mwaka 2023 waliidhinisha Opill, kidonge chao cha kwanza cha kila siku kuuzwa bila cheti cha daktari, nacho ni cha homoni moja. Na haya maduka ya dawa muhimu tunayoyaona kila kijiji yalianzia Ruvuma mwaka 2003, kusini huku huku. Dada, nenda kwenye duka lenye mtu aliyesomea.

MamaMbao_Mafinga

Asanteni sana. Da wa Uyole, Mungu akubariki. Maswali mawili. Nikitapika? Na nikichoka kukimbizana na saa, kuna kingine? Pakti nitaificha kwenye kopo la unga wa vitumbua, mama mkwe hagusi huko.

DadaWaDuka_Uyole

Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, meza kingine. Kopo sawa kama ni kavu na halikai karibu na jiko.

Kingine kipo, ila si cha kubeba dukani: sindano ya miezi mitatu, kijiti cha miaka mitatu au mitano, kitanzi. Vituo vya serikali vinatoa bure, na hulazimiki kwenda kwa mwanakwaya. Panda gari uende kituo cha kata nyingine, sema unanyonyesha. Ukipanga mtoto wa tatu karibuni, jua sindano huweza kuchelewesha mimba miezi kadhaa baada ya kuacha. Kijiti kikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi mapema.

Leo nunua pakti mbili, usije ukaishiwa, na angalia tarehe ya kuisha muda kabla hujalipa.