"Tunaidanganya kontroli boksi kidogo, bosi": milioni mbili na robo zimeenda, pistoni ya sita imeyeyuka

Wakuu, salamu baadaye. Nina pistoni mkononi hapa, ya silinda ya sita, na ukingo wake umeliwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Plagi yake ina vichembe vya kung'aa juu ya kauri, vidogo kama chumvi, ukivikwaruza kwa kucha vinabanduka. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Nimemlipa mtu hela ili nipate hiki kitu.

Gari ni Mark II GX100. Nilitoa injini ya 1G iliyokuja nayo nikaweka 1JZ-GTE ya turbo, ya VVT-i, ya mtumba, pamoja na gia boksi na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini) ya JZX100, ile Mark II inayokuja na 1JZ tangu kiwandani. Mliowahi kuendesha mnaijua: lita 2.5, Toyota waliiandikia farasi 280, na nguvu yake haichelewi, mshale wa mizunguko ukifika 2,400 tu mgongo umeshagandishwa kwenye kiti. Ningeiacha hivyo leo ningekuwa nimelala. Sikuiacha. Nikaweka turbo kubwa, intakula ya mbele (kipoza hewa ya turbo), ekzosi ya inchi tatu, na nozeli za petroli za cc 550 kuchukua nafasi ya zile 380 za kiwandani. Hayo niliyataka mwenyewe, sibishi, na mke wangu ameshanisema vya kutosha. Kilichobaki kilikuwa kuiambia kontroli boksi kwamba mambo yamebadilika, na hapo ndipo nilipopigwa.

Nilipigwa mara mbili. Ya kwanza ni laki tatu na nusu za "kuremap", yaani kuandika upya ramani ya petroli na taimingi ndani ya kontroli boksi. Jamaa alikuja na laptopu, akachomeka waya chini ya usukani, dakika 20 skrini inazungusha kiduara, akanyanyua kichwa: "Tayari bosi, sikilizia sasa." Mimi nikasikilizia kweli! Nikaapa imebadilika. Wakuu, kontroli boksi ya JZX100 haiandikwi upya kwa kuchomeka waya namna ile. Wenye Subaru za turbo ndio wanafanya hivyo, kwa sababu boksi zao za Denso zinakubali, na programu kama RomRaider ziko bure. Huyu aliona wenzake wanafanya kwenye Impreza akaja kuniigizia kwenye Mark II. Sijui ile laptopu ilikuwa inafanya nini. Labda ilikuwa inajisasisha.

Nilipomrudia na malalamiko kwamba gari inatoa moshi mweusi na inanuka petroli mpaka kwenye nguo, hakutetereka hata kidogo. "Bosi, hii sasa inataka boksi ya pembeni. Tunaidanganya kontroli boksi kidogo." Milioni moja na laki tisa: boksi ya pembeni ya mtumba, inayokaa kati ya sensa na kontroli boksi na kubadilisha ishara, kifaa cha kuzuia mafuta yasikatwe presha ikizidi, na ufundi.

Tulieni hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pistoni yangu ilipofia.

JZX100 haipimi hewa kwa kuihesabu inavyoingia. Ina sensa ya presha kwenye manifoldi, na kwa presha hiyo inaamua mambo mawili kwa pamoja: imwage petroli kiasi gani, na plagi ichome mapema kiasi gani. Nozeli zikiwa kubwa, njia ya boksi ya pembeni ni kuipunguza ile ishara ya sensa. Kutoka 550 kurudi 380 ni kama asilimia 31. Sasa piga hesabu. Turbo yangu inasukuma presha ya baa 1.1. Ongeza hewa ya kawaida tunayovuta hapa Dar, usawa wa bahari, unapata kama 2.1. Toa asilimia 31, inabaki 1.45. Yaani injini inakandamizwa na 1.1, kontroli boksi inaambiwa turbo iko 0.45. Petroli inapungua, sawa, ndicho alichotaka. Lakini kontroli boksi inasema, "Aa, mzigo wenyewe mwepesi", inaisogeza taimingi mbele, plagi inachoma mapema kuliko inavyotakiwa. Presha ya juu na taimingi ya mzigo mdogo. Injini lazima igonge, yaani mchanganyiko ulipuke wenyewe vibaya ndani ya silinda.

Kuna atakayekuja kusema 1JZ ina sensa za kusikia injini ikigonga. Ndiyo mkuu, zipo mbili. Zinarudisha taimingi nyuma kugonga kukishaanza, na zinarudisha kwa kiasi tu. Taimingi iliyokosewa kwa kiwango hiki haziiwezi. Na ile taimingi ya kiwandani yenyewe iliandikwa kwa petroli bora ya Japani, inayouzwa ikiwa na oktani karibu 100. Wewe na mimi tunajua tunachojaza.

Halafu kile kifaa cha kuzuia mafuta yasikatwe. Ishara imeshashushwa mpaka 0.45, kikomo cha presha ambacho Toyota waliweka ili mafuta yakatwe kingefikiwa saa ngapi? Kifaa hakikuwa na kazi yoyote ile! Nimenunua mwavuli nikiwa ndani ya nyumba.

Na aliitunisha vipi? Saa nne usiku, barabara ya Bagamoyo, upepo mwanana, yeye kiti cha abiria ananiambia "kanyaga, achia, kanyaga". Mchanganyiko wa hewa na petroli alipima kwa kuteremka na kunusa ekzosi. Nasema kweli, aliinama pale nyuma, akakunja pua, akarudi kupunguza tena asilimia nne "ili isile mafuta". Wiki iliyofuata rafiki yangu akanifungia lambda (sensa ya ekzosi inayoonyesha hewa ni mara ngapi ya petroli) ya kupima upana wote, si ile ya kiwandani ambayo inajua 14.7 na jirani zake tu. Kwa presha kamili ilisoma 13.5, yaani petroli haitoshi. Injini ya turbo kwa petroli hii uitake 11.5, basi sana 12. Nikakipiga picha kipimo, nikamtumia yule fundi. Jibu lake ninalo mpaka sasa: "Hicho kipimo cha Kichina bosi, amini masikio."

Siku nane baadaye, saa nane mchana, nimetoka kwenye foleni ya Ubungo, kila kitu chini ya boneti kimechemka, nikapata nafasi nikakanyaga gia ya tatu. Sauti kama mtu anatikisa kopo la misumari. Sekunde mbili, si zaidi. Kisha moshi wa bluu na kifuniko cha mafuta kinapumua. Kupima kompresheni: silinda tano za kwanza zinacheza kwenye psi 150, ya sita 35.

Nilipomfuata akaniambia injini ilikuwa ya mtumba, "haikuwa na bahati".

Sasa najua mtaniambia nini. Wa Power FC: nakubali, ni boksi kamili inayochukua nafasi ya ya kiwandani, lakini nitakayoipata ni ya mtumba, na simwamini tena mtu anayeuza boksi kwenye mfuko wa rambo. Wa MegaSquirt na Speeduino, boksi za kujiundia mwenyewe: nawaheshimu, ila kuunga nyaya kumi kumi siwezi, na nikimpa fundi atakata wairingi yote. Mimi naelekea Link, boksi kamili mpya inayochomekwa kwenye soketi zilezile bila kukata waya, yenye sensa yake ya presha na sehemu ya kuingizia lambda. Ni ghali, ndiyo. Injini mbili ni ghali zaidi.

Shida si boksi, ni mtu. Juzi nimemuuliza fundi mwingine kama anaweza kuitunisha Link. "Haina haja, inakuja na ramani yake." Mkuu, ile ramani ya kuanzia ni ya kuwashia injini, watengenezaji wenyewe wanasema! Nikamuuliza kama atanipa faili la kumbukumbu za safari nione lambda, taimingi na joto la hewa. Akaniuliza, "Ya nini sasa, wewe si mteja?"

Kwa hiyo naomba mtu Dar, hata Arusha nitasafirisha gari kwa lori, anayekaa na laptopu, anayetunisha mchana wa jua, anayekupa faili lako bila kulifunga kwa nywila. Usinitajie jina kama hujawahi kuona kumbukumbu zake kwa macho yako.

Na jana yule wa kwanza kanitumia meseji: "Bosi, ile boksi kama huitumii kuna mteja wa Chaser nyeupe anaihitaji, nitakutoa laki nne." Wewe mwenye Chaser nyeupe, kama unasoma hapa, njoo inbox kabla hujalipa. Pistoni huwa naiweka kwenye dashibodi ya gari ya mke wangu.