Tupeane uzoefu: harufu kali ya choo cha paka ndani ya nyumba

Bi Ghorofani, Dar es Salaam

Ndugu zangu, habari za masiku. Ninafuga paka jike mmoja ambaye nilimpokea akiwa mdogo wa kuenea ndani ya bakuli la uji, na sasa anakaribia kutimiza miaka mitatu. Ninaishi ghorofa ya tatu, sina ua, kwa hiyo haja zake zote anazimaliza bafuni, ndani ya beseni la plastiki nililolitia mchanga wa paka wa dukani. Mwaka wa kwanza sikuona shida. Tangu masika haya yaanze, hata hivyo, ukifungua mlango wa nyumba yangu unapokewa na harufu kabla ya kupokewa na mwenyeji.

Ijumaa iliyopita alikuja shemeji yangu. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, chemba ya huku imefurika?" Nilijibu kwamba ndiyo, mafundi wanakuja kesho. Niliona aibu kumtaja paka ambaye wakati huohuo alikuwa amelala juu ya kochi kama mwenye nyumba.

Nimechoma udi asubuhi na jioni, na nilichopata ni nyumba inayonukia kama ya harusi ambayo paka wamekojoa uani. Nimepuliza marashi ya chumbani, nayo yalidumu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Jambo linalonikera zaidi ni la ibada: paka mwenyewe si najisi, na hadithi ya Abu Qatada juu ya jambo hilo inajulikana, lakini mkojo wake ni najisi, na mimi ninatandika mswala hatua nne kutoka mlango wa bafu. Naomba kila aliyepitia hali hii aeleze alichofanya yeye mwenyewe, hasa kile kilichomshinda, maana ushauri wa "safisha mara kwa mara" ninao wa kutosha.

Mfugaji wa Pongwe, Tanga

Dada, pole sana. Nilifuga kuku wa nyama kabla ya kufuga paka, na banda ndilo lililonifundisha choo cha paka. Mkojo mbichi una harufu yake, lakini ile inayochoma macho na kukwama kooni ni amonia, ambayo hutengenezwa baadaye, bakteria wanapoivunja urea iliyomo ndani ya mkojo. Wanachohitaji ni unyevu, joto na muda, na bafu lisilo na dirisha wakati wa masika lina vyote vitatu. Ndiyo maana udi haukukusaidia, kwa kuwa kiwanda kiliendelea kufanya kazi chini ya moshi.

Mimi ninatumia maranda ya fundi seremala badala ya mchanga wa dukani, na nimekosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa kuchukua maranda mapana yale yanayojikunja. Mkojo uliyapita yote ukatuama chini ya beseni, juu pakabaki pakavu pa kudanganya macho, nami nikaja kugundua siku ya nne nilipoliinua beseni na kusikia maji yakicheza. Siku hizi ninachanganya maranda mafupi na unga wa mbao wenyewe, kina cha vidole vitatu, na ninamuuliza fundi kama mbao zile zilipakwa dawa ya mchwa, kwa sababu paka hulamba nyayo zake.

Kosa la pili lilikuwa majivu. Marehemu bibi yangu alimwekea paka wake majivu ya jikoni na hatukuwahi kulalamika, kwa hiyo nikafanya vivyo hivyo ndani ya chumba. Harufu ikazidi. Nilichosahau ni kwamba choo cha bibi kilikuwa uani, upepo ukipita. Majivu ni alikali, na amonia ikiwa kwenye kitu cha alikali huruka hewani upesi zaidi. Kwa anayeishi ndani ya kuta nne, majivu ni kumkaribisha mgeni aliyekuwa anataka kuondoka.

Mpangaji Mtulivu, Nairobi

Wangu ni dume, na kisa chake ni cha ukutani zaidi kuliko cha beseni. Alipofikisha miezi tisa alianza kusimama kinyumenyume kwenye pazia, mkia umenyooka na ncha yake inatetemeka, kisha anarusha mkojo kama aliyepewa chupa ya kupuliza. Harufu yake haikufanana na ya awali hata kidogo. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba mkojo wa paka una asidi amino iitwayo felinini, ambayo ikivunjika hutoa kemikali yenye salfa, na dume asiyehasiwa ndiye anayeitoa kwa wingi. Ni ujumbe kwa paka wengine, na mimi niliyekuwa nikilipa kodi sikuhusika.

Kabla ya kufika kwa daktari nilifanya jambo la hatari, nalo nalieleza ili asilirudie mtu mwingine. Nilimwaga klorini ya kung'arishia nguo moja kwa moja juu ya sakafu iliyolowa mkojo, mlango ukiwa umefungwa ili paka asitoke. Baada ya dakika chache nilikuwa ninakohoa na machozi yananitoka. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu, na chumba changu ni kile kimoja cha kulala, kupikia na kukaa. Nilikaa kwenye ngazi na paka mapajani hadi usiku. Vilevile jihadharini na zile dawa za kuua vijidudu ambazo zikitiwa kwenye maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka halina uwezo mzuri wa kuziondoa.

Kilichoniponya ni kisu cha daktari. Nilimhasi akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, nikiwa nimechelewa, na baada ya wiki kadhaa aliacha kurusha. Kochi halikupona. Nililisugua kwa sabuni, kwa siki, kwa ndimu, na kila mvua iliponyesha lilinuka upya, kwa sababu mabaki ya mkojo hukauka yakawa fuwele ambazo sabuni haiziondoi, na unyevu wa hewa ukirudi zinaanza tena. Kama ningejua mapema ningetafuta kisafishio chenye vimeng'enya, ambacho humeng'enya mabaki hayo yenyewe, nikakiacha kilowe mahali pale kwa saa kadhaa badala ya kukifuta papo hapo.

Bi Ghorofani, Dar es Salaam

Kaka, nashukuru kwa maelezo ya mvua. Ndivyo ilivyo kwangu, kiangazi kimya na masika vurugu, lakini mimi nilidhani fuwele hizo ni habari ya makochi na mazulia. Bafu langu ni vigae vitupu, na beseni ninalisugua kila Jumamosi.

Mswahili wa Muscat

Vigae vitupu vina mistari ya saruji katikati, dada yangu, na saruji hunywa. Lichunguze hilo.

Huku Oman miezi ya joto hatufungui dirisha kabisa, kwa hiyo hewa ni ileile inayozungushwa na kiyoyozi, na choo cha paka kikiharibika nyumba nzima inapata taarifa. Nilinunua choo chenye kifuniko na kimlango, nikajisifu kwamba tatizo limekwisha. Kweli sisi hatukusikia harufu, lakini paka ndiye aliyekuwa anaingia ndani ya kile kisanduku, na pua yake ni kali kuliko yetu mara nyingi. Kisha nikaongeza mchanga wenye manukato ya waridi. Siku ya tatu alihamia kwenye kapu la nguo chafu, akachagua kanzu yangu nyeupe. Niliondoa kifuniko, nikarudi kwenye mchanga usio na manukato, naye akarudi mwenyewe bila kubembelezwa.

Mchanga ninaotumia ni wa udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa hushikana ukawa bonge. Faida yake ni kwamba unaliokota bonge zima kwa kijiko chenye matundu, na mkojo wote unatoka nalo, mradi kina kifike sentimita 7 hivi. Mimi mwanzoni nilikuwa bahili, nikimwaga tabaka jembamba, na mabonge yakagandama chini ya beseni kama ukoko wa wali. Kuyakwangua ndiko kulikochubua plastiki, na michubuko ya plastiki hushika harufu ambayo kuosha hakuitoi. Beseni lenye umri wa paka wako, dada, ningelitupa. Mabonge hayo pia msiyamwage chooni, kwa kuwa bentonaiti huvimba ndani ya bomba, na hapo hadithi ya chemba uliyomwambia shemeji itakuwa kweli.

Mfugaji wa Pongwe amenikumbusha kwamba hata Wamarekani walitumia majivu na mchanga mtupu hadi mwaka 1947, ambapo Edward Lowe wa Michigan alimpa jirani yake aliyechoshwa na nyayo za majivu ndani ya nyumba punje za udongo uliokaushwa, na biashara yote hii ikaanzia hapo.

Mama Kijacho, Mwanza

Mimi harufu ilikuwa inanitapisha kwa sababu ya ujauzito, na mama mkwe alitaka paka aondoke siku hiyohiyo kwa kuwa amesikia habari za ugonjwa wa paka na mimba kuharibika. Kliniki walitueleza kwamba kimelea chenyewe, Toxoplasma gondii, kipo kweli na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, lakini mayai yake yaliyo kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku 1 hadi 5 kabla hayajaweza kuambukiza. Choo kikisafishwa kila siku, na akisafisha mtu mwingine, hatari hupungua sana, na nyama isiyoiva ni njia nyingine ya kukipata ambayo mama mkwe hakuwahi kuitaja. Basi kazi ya beseni ikamwangukia mume wangu, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, glavu mkononi na kanga yangu puani. Nyumba haijawahi kuwa safi kama miezi ile.

Babu wa Paka Watano, Mombasa

Wanangu, mmeongea vizuri juu ya beseni, lakini nami nitazame mdomoni. Paka wangu mmoja alinuka kinyesi kiasi cha kuwafanya wengine wakatae kuingia baada yake, nami nikabadilisha michanga mitatu bure. Kumbe ni kibakuli cha maziwa nilichokuwa nikimpa kila alfajiri kwa mapenzi. Paka wengi wakishakua hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, wanaharisha. Niliyakata maziwa, nikampa dawa ya minyoo, na wiki haikuisha kinyesi kikawa kigumu na harufu ikarudi ya kawaida. Dagaa wakavu nao siku hizi ninawachemsha kwa maji mengi bila chumvi wala vitunguu, nikawapa pamoja na mchuzi wao, kwa kuwa paka ana asili ya jangwani na hanywi maji kwa hiari, na mkojo wake usipopata maji huwa mzito.

Kwa wenye madume: ukimwona anaingia beseni kila baada ya dakika chache, anajikamua, halafu hatoki kitu ila tone lenye harufu kali, usisubiri kesho. Njia ya mkojo imeziba, na siku mbili zinatosha kumwua. Nilimzika mmoja kwa kudhani amefunga choo.

Na kanuni ya mabeseni ni idadi ya paka na moja la ziada. Ninayo sita. Mke wangu aliacha kuhesabu.

Bi Ghorofani, Dar es Salaam

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu, na ninamwomba radhi Mpangaji Mtulivu kwa kusema vigae vitupu.

Beseni la zamani nililitupa. Lililofuata ni pana zaidi, halina kifuniko, limetiwa mchanga usio na manukato, na ninaliokotea asubuhi baada ya swala na usiku kabla ya kulala. Nilinyunyizia pia bikaboneti ya soda kidogo chini ya mchanga, ile wanayotia kwenye keki. Nataja hivyo kwa sababu dukani kwetu nusura nipewe kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ambayo ingemuunguza nyayo. Harufu ilipungua nusu. Nusu ya pili haikutikisika.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana wa uwakala wa pesa aliye chini ya jengo letu, ambaye ana kile kitaa cha rangi ya zambarau cha kukagulia noti bandia. Nilikuwa nimesikia kwamba mkojo wa paka hung'aa ukimulikwa na mwanga wa aina ile. Nilikiazima saa tatu usiku, nikazima taa zote na kupiga magoti bafuni. Mahali pa beseni pia palikuwa pamepauka kidogo, lakini nyuma ya mlango, pale ambapo mlango ukifunguliwa hupaficha, mistari yote ya saruji kati ya vigae ilikuwa inang'aa manjano ya kijani, mraba kwa mraba, hadi kwenye kizingiti cha mbao, na kizingiti chenyewe kilikuwa na michirizi mitatu. Kumbe siku nilizochelewa kusafisha, bibi huyu alikuwa na choo cha akiba.

Nilipata kisafishio cha vimeng'enya kwenye duka la dawa za mifugo, nikalowesha mistari ile, nikaifunika kwa nailoni usiku kucha, na nikarudia mara tatu. Kizingiti ilibidi fundi akibadilishe. Mswala nimeuhamishia chumbani.

Kitaa nilikirudisha asubuhi iliyofuata. Kijana akaniuliza kama nilikuta noti bandia nyingi. Nilimweleza ukweli, naye akakitazama kitaa chake kwa muda, akakifuta kwa shati, kisha akaniuliza kama ningeweza kumwazima hicho kisafishio, kwani dukani mwake pana paka wa jirani anayelala juu ya magunia.