Mafundi wa kusuka mota, shaba ya mota yangu mmeipeleka wapi?

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Kibaigwa. Mota yake ni ya fezi tatu, yaani inalishwa na nyaya tatu za umeme, HP 30, mtumba kutoka Ulaya, chuma kizito ambacho watu wanne hawakibebi bila kupumzika njiani. Tangu niinunue imefanya kazi miaka saba, na matengenezo yake yalikuwa beringi na grisi, basi. Mwezi wa tatu ikaungua. Tangu siku hiyo imesukwa, yaani kutolewa waya ulioungua na kuzungushiwa mwingine, mara tatu. Ya kwanza ilidumu wiki saba, ya pili siku kumi na moja. Siku kumi na moja, wakuu! Tena mwezi wa sita, mahindi yamejaa kila nyumba.

Mara ya kwanza nilikodi kirikuu nikaipeleka karakana moja mjini. Nikaambiwa laki nane na nusu, shaba imepanda bei. Sikubishana, najua shaba ni ghali. Nikauliza waya wa zamani nitarudishiwa? Jibu: "Bosi, huo unabaki kwa fundi, ndiyo utaratibu." Nani aliuweka huo utaratibu? Shaba ni yangu, niliinunua ndani ya mota, halafu nakulipa uniwekee nyingine na ile ya kwanza unaiuza kwa kilo!

Nilikaa pale nikaona wanavyofanya. Stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka inayobeba waya, iliwekwa juu ya moto wa kuni na matairi mpaka chuma kikaiva chekundu, ili waya utoke kirahisi. Wakati ule sikujua naangalia nini, nilidhani ndiyo kazi. Sasa najua. Kile chuma cha stata si pande moja, ni bati nyembambanyembamba zilizopangwa pamoja, kila moja ina utando unaoitenga na mwenzake. Karakana zinazojiheshimu zina tanuri lenye kipimo, na joto la chuma halivushwi nyuzi 370 hivi. Ukiuunguza ule utando, bati zinagusana, umeme unazunguka ndani ya chuma chenyewe, na mota inapata moto hata ikizunguka tupu bila mzigo. Hasara hiyo hairudi hata ukisukia dhahabu.

Ilipoungua tena nikarudi kwa walewale. Dhamana hakuna, eti umeme wa kwetu mbovu. Nikaongeza laki nne. Nikapewa mota imepigwa vanishi (ile ya kushika na kulinda waya) kwa brashi juujuu, imeanikwa juani nusu siku, ikajaribiwa kwa taa, nikaambiwa beba. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, foleni iko nje, ile harufu ikarudi. Ukishainusa vanishi inayoungua mara moja hutaisahau maisha yako. Kuna bibi alikuwa ametembea na debe lake kichwani kutoka vitongojini, nikamwona analinyanyua tena kurudi nalo bila unga. Nilishindwa hata kumwangalia usoni.

Hapo nikaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu, alisuka mota kwenye kiwanda cha nguo miaka mingi. Hakuanza na bei. Alifungua vifuniko, akamulika ndani kwa tochi, akakata kipande cha waya, akachukua wembe na kukwangua ule utando mwekundu taratibu, kama mtu anayemenya tangawizi. Akaniita: "Mwanangu, njoo uone." Chini ya wekundu ulikuwa mweupe. Alumini!

Tukautoa wote tukauweka kwenye mizani yangu mwenyewe ya mahindi. Kilo 4 na robo. Alipomaliza kuisuka upya kwa shaba, waya ulioingia ulikuwa kilo 14. Kwa hiyo nililipia shaba, nikafungiwa alumini, na shaba yangu halisi ikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kabla hamjaja kuniambia alumini nayo inasukiwa mota, ndiyo, najua. Zipo mota zilizotengenezwa hivyo tangu kiwandani, na mifereji yake ya kulazia waya imepimwa kwa waya mnene. Alumini inapitisha umeme asilimia 60 hivi ya shaba, kwa hiyo waya wake unatakiwa uwe na unene wa mara 1.6 kwenye mkato. Mifereji ya mota yangu haina nafasi hiyo. Ukiweka geji (unene) ileile, waya unachemka, na kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi zinakata kwa nusu umri wa vihami, yaani ule utando unaozuia umeme usivuje. Fanya hesabu mwenyewe mota itaishi muda gani.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni hiki. Mara ya kwanza ilipoungua nilipiga picha kwa simu kabla ya kuipakia. Mzee aliitazama picha ile kama dakika moja akasema: "Hii ilikuwa inakimbia fezi mbili." Makundi manne ya koili (mafundo ya waya uliozungushwa) yalikuwa meusi tii, na kila baada ya kundi jeusi yanafuata mawili mazima, mekundu vizuri. Kwa mota ya delta, yaani ambayo koili zake zimeunganishwa kwa pembetatu, sura hiyo ni ushahidi kwamba fezi moja ilikatika na mota ikaendelea kuvuta kwa zilizobaki mpaka ikajiua. Akaja mpaka kwangu, akafungua staata, kile kisanduku cha kuwashia mota. Kontakta moja, swichi inayopitisha umeme kwenda kwenye mota, ilikuwa imeliwa upande mmoja, inagusa ikitaka. Ovalodi nayo, kinga ya kukata umeme mota ikizidiwa, ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho, wakati bango la mota linasema ampea 42 na kwa staata yangu ya sta-delta, ambayo ovalodi yake inapitisha sehemu tu ya umeme huo, ilitakiwa ikae 24 hivi. Kontakta mpya, ovalodi ikarekebishwa, kazi ya saa moja.

Yaani lile jibu lilikuwa limeandikwa kwenye koili mbele ya macho ya fundi wa kwanza. Akalikata, akalichoma moto, akanirudisha kwenye staata ileile mbovu na waya wa uongo. Wala hakuandika kitu. Nilipomuuliza alihesabu mizunguko mingapi kwa kila koili kabla ya kukata, akasema HP 30 zote zinafanana. Hazifanani! Kuna stata ya mifereji 36, kuna ya 48, na kila kiwanda kina hesabu zake. Mzee wangu ana daftari lenye kila mota aliyowahi kushika: geji, mizunguko, hatua ya koili (inaruka mifereji mingapi), muunganiko. Aliichovya stata kwenye vanishi, akaioka, akapima kwa mega, kipimo cha kuona kama umeme unavuja, ya volti 500 mbele yangu. Kwa mota kama hii usomaji usishuke chini ya megaomu 5, na ukiwa mkubwa ndiyo vizuri. Yangu ilisoma zaidi ya 200.

Mizani yangu ya mahindi inakaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika, na ni haki, nisimpunje mtu kilo. Sasa huyu anayeniuzia kilo 14 za shaba na kunifungia 4 za alumini, yeye anakaguliwa na nani? Risiti yake imeandikwa neno moja tu, "matengenezo". Mimi naanzia hapo: kila risiti ya kusuka iandikwe aina ya waya, geji, mizunguko na uzito, na waya wa zamani arudishiwe mwenye mota, autake asiutake.

Sisemi mafundi wote. Huyo mzee ni fundi pia, na mota inanguruma hapa wiki ya tano sasa, ukiweka mkono juu yake hautoi. Ila nimepoteza laki kumi na mbili na nusu kwa wale wengine, na wateja ambao hadi leo wanasaga kwingine.

Ule waya nimeuhifadhi wote kwenye kiroba. Jumatatu napanda nao basi kwenda kuumwaga mezani kwao, nikiwa na picha na risiti zote mbili. Kama kuna mtu humu aliyewahi kurudishiwa pesa yake na karakana, aniambie alianzia wapi.