Leseni ya pombe ibaki miezi sita au iwe ya mwaka? Wana Mbeya tuongee

Mwenye grosari, Ilomba
Wakuu salaam. Mi nna kigrosari, friji mbili na viti vya plastiki kumi na mbili basi. Sheria ya vileo ya 1968 ilitupangia leseni ya miezi sita, inakufa 31 Machi na 30 Septemba, hata kama umeikata Agosti. Jirani yangu anauza sukari na sabuni anakata ya mwaka mzima, mi nauza bia naanza upya kila msimu, mara Tausi, ule mfumo wa kuombea leseni mtandaoni, haifunguki mara bwana afya hajaja kukagua choo, mwezi wa nne nilikaa wiki mbili friji nimezigeuzia ukutani. Mwenye baa kubwa ana kijana wa kufatilia makaratasi, mi nikifatilia grosari imefungwa. Iwe ya mwaka.

Mama wawili, Mwanjelwa
Kaka nakupinga. Hiyo miezi sita ndo upenyo pekee tulionao majirani. Mtaani kwetu kuna baa ilikuwa inapiga spika mpaka saa nane usiku, watoto wanaamkia shule macho mekundu kama wamekunywa wao, tumelalamika weee, leseni ilipoisha ndo wakaambiwa watoe spika za nje kwanza. Ya mwaka tungekesha nao.

Mwenye grosari, Ilomba
Dada yangu hapo umenishika, sibishi. Ila kelele si kosa hata leseni ikiwa hai? Kwa nini asiyewasha hata redio alipie foleni ya mwenye spika?

Kijana wa Mbalizi
Mi naogopa kitu kingine, mabadiliko yenyewe. Mnakumbuka viroba, zile pombe kali za vipakiti vya plastiki? Katazo lilitangazwa Februari 2017, tarehe 1 Machi likaanza, nilikuwa na katoni sita chini ya kitanda (mke wangu ananicheka mpaka leo). Wenye mtaji wakahamia chupa, sisi tukahamia madeni. Wakibadilisha leseni watupe muda, na ada ya mwaka tulipe nusu nusu, la sivyo mwenye friji mbili hatoboi.

Mama wawili, Mwanjelwa
Nusu nusu sawa, basi na ukaguzi ubaki mara mbili na jirani aulizwe. Hapo nasaini.

Mwenye grosari, Ilomba
Waje hata mara nne mama, choo kisafi. Saa hizi zimebaki siku tisa Septemba iishe na ombi langu bado halijajibiwa.