"Steal", "rob" na "burgle" kwenye maelezo ya polisi

Swali: Habari zenu ndugu. Hapa Kampala maelezo ya polisi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Simu ikichukuliwa ndani ya teksi, ni "they robbed my phone" au "they stole my phone"? Na mwizi akiingia nyumbani?

Jibu: "Stole my phone". "Steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa. "Rob" hufuatwa na mtu au mahali: "robbed me", "robbed the shop". Kiswahili chenyewe kinakuongoza, kwani wanaiba simu lakini wanamwibia mtu. Ukitaka kutaja vyote, ni "robbed me of my phone", au "stole it from me".

Jibu: Upande wa sheria ndio mzito. Katika sheria ya makosa ya jinai ya Uganda, "robbery" ni wizi wenye nguvu au vitisho. Aliyechomoa simu mfukoni usihisi kitu amefanya "theft". Akikutolea panga, hiyo ni "aggravated robbery". Basi tafadhali usiandike "robbed" ili kukoleza uchungu. Eleza alikushika wapi, alisema nini, alikuwa na silaha gani.

Jibu: Nyumba nayo: kuvunja na kuingia mchana kwa nia ya kutenda kosa kubwa ni "housebreaking", usiku ni "burglary". Usisahau kutaja saa. Hata kusukuma mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa kufuli huhesabiwa kuvunja.

Muuliza swali: Asanteni sana, nimeelewa.