Nimekirudia Vuta n'kuvute baada ya miaka 17. Nyie mmesoma nini siku hizi?

MamaZuhura_Moro

Habari zenu wapenzi wa vitabu.

Nina duka la dawa hapa Morogoro. Kipindi hiki cha masika, ikifika saa kumi jioni wateja wanakatika, barabara inabaki tope tupu, nami navuta kigoda karibu na mlango kwenye mwanga nasoma. Mwezi uliopita nilikuwa napanga sanduku la bati la marehemu mama, nikakutana na nakala yangu ya Vuta n'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, ile ile ya kidato cha tano. Jalada lilishatoka, nimelishika kwa plasta ya vidonda. Ndani nimeandika jina langu, na chini yake HKL kwa herufi kubwa, mchepuo wangu wa Historia, Kiswahili na Kiingereza.

Kabla sijasoma hadithi nikasoma kwanza pambizo. Kila ukurasa penseli: "ndoa ya kulazimishwa", "ukoloni", "tashbiha", "dhamira ya 3". Mtihani ulitaka hoja tatu kwa kila kitabu, basi hoja tatu ndizo nilizozitafuta. Hadithi yenyewe niliipita kama mtu anayewahi basi. Na nilifaulu.

Safari hii nimekisoma siku tisa, bila kalamu mkononi. Aliyenishika ni Mwajuma.

Kwenye madesa yetu, zile notisi za kujiandaa na mtihani, Mwajuma alikuwa na mstari mmoja: "Rafiki wa Yasmin. Mpenda starehe, mlevi." Basi. Wakati Denge, mpigania uhuru, alipewa ukurasa mzima, Inspekta Wright, polisi wa mkoloni, naye akapata fungu lake. Lakini hebu tuifuate njia ya Yasmin, binti mwenye hadithi. Ana miaka 15 anaozwa kwa Bwana Raza mwenye 52. Anapelekwa Mombasa, anamkimbia mume, anarudi Unguja. Mjomba wake Gulamu anamfukuza, kwa sababu ya aibu aliyowaletea. Sasa huyo mtoto aende wapi? Anafunguliwa mlango na Mwajuma wa Ng'ambo, mwanamke asiye na mume wala mali, tena si Mhindi mwenzake.

Hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya mpaka mteja akanigongea kaunta.

Nitawaeleza kwa nini. Miaka 11 iliyopita nilitoka kwenye ndoa yangu usiku, mtoto wa miezi minne mgongoni na mfuko mmoja wa nguo. Ndugu wawili niliowapigia simu waliniambia nirudi nikavumilie. Nilikaa stendi ya Msamvu mpaka kukaribia alfajiri, ndipo mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuwa anawahi kuwasha jiko, akanitazama, akatazama mtoto, akasema, "Nyanyuka twende." Hatukuwa na undugu wowote. Alinipeleka kwenye chumba chake, akatandika khanga safi juu ya kitanda, akaniambia lala. Hakuniuliza jina mpaka kesho yake mchana. Nilikaa kwake miezi mitatu.

Nikiwa na miaka 18 nilimwandika Mwajuma mstari mmoja. Leo naona bila yeye kitabu kile kingeishia kwenye kizingiti cha Gulamu.

Jumapili tunakutana marafiki wanne, kila mtu na alichosoma, na safari hii niliwasomea sehemu ile. Yakazuka mabishano mpaka chai ikapoa. Mmoja, mwalimu wa chekechea, anasema Mwajuma ndiye aliyempotosha Yasmin, kamwingiza kwenye ngoma na pombe. Mwingine hana habari na Mwajuma, yeye anamlilia Bukheti wa Mombasa, anasema huyo ndiye aliyempenda binti kweli, maana Denge moyo wake wote ulikuwa kwenye kumng'oa Mwingereza na mwanamke alipata makombo. Mimi Denge simlaumu. Nchi ile ilihitaji watu wa namna yake. Ila hata Denge mwenyewe alimpata Yasmin kwa sababu Mwajuma alikuwa na nyumba.

Nauliza basi. Kuna kitabu mlichokisoma kwa ajili ya mtihani, mkaja kukirudia kwa raha zenu? Mlikuta nini? Na kwa Mwajuma mnasemaje? Halafu nipeni cha kufuata, maana masika bado.

---

Mtoto_wa_Miembeni

Assalam aleikum dada yangu, na pole kwa yaliyokupita. Mie mzaliwa wa Unguja, niko Maskati mwaka wa 14 huu.

Umenigusa pahala pangu khasa. Wasiokulia kwetu huenda neno Ng'ambo likawapita wakadhani ni jina la mtaa tu. Zamani baina ya Mji Mkongwe na kule kwengine palikuwa na mkono wa bahari. Maji yakijaa, upande huu umekuwa kama kisiwa. Aliyekaa mjini akiitazama ile ng'ambo alikuwa anawatazama wachukuzi, mafundi, wapishi, watu wa nyumba za udongo na makuti. Mkono ule wa bahari ulishafukiwa, leo ni barabara na soko pale Darajani, lakini jina limebaki. Kwa hiyo binti wa Kihindi kutoka mjini kwenda kulala Ng'ambo kwa Mwajuma, wakati ule wa Mwingereza, si kuhama mtaa. Ni kuwavukia watu wake wote. Bibi yangu akisimulia habari za mtu "aliyevuka", sauti yake ilikuwa inashuka kama anataja maiti.

Ndiyo maana nakuunga mkono. Yasmin alivuka, lakini ng'ambo ya pili lazima awepo wa kukupokea.

Mie miezi hii nimesoma Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994. Kaitafsiri Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022 kwa Mkuki na Nyota. Kwa Kiingereza nilikwisha kuisoma kabla, mwaka ule ule aliopata Nobel, 2021, na niliipenda kwa heshima, kama unavyompenda mgeni mwema. Kwa Kiswahili niliisoma usiku mmoja na nusu. Yusuf ni mtoto anayetolewa na babake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, mwenyewe anadhani anakwenda kutembea kwa jamaa. Nilipolikuta neno rehani nilisita. Kwetu rehani ni neno la dukani, ni la bangili ya mama iliyokwenda kwa Banyani na haikurudi. Kwa Kiingereza nilielewa kuwa mtoto kawekwa dhamana. Kwa Kiswahili nilimwona kakaa kwenye rafu na bangili.

Mwisho wake sikwambii. Ukiumaliza uje tuzungumze, kwa sababu mie na ndugu yangu tumegombana wiki nzima.

Kwa Shafi mwenyewe, kama hujasoma Kuli anza nayo. Imezungukia bandari na mgomo wa wachukuzi wa 1948. Haini iache mpaka moyo utulie. Ya jela ile, na usiku si ya kusoma peke yako.

---

Nekesa_Kitale

Dadangu Mama Zuhura, nimesoma habari ya yule mama wa vitumbua nikalazimika kuweka simu chini. Mungu ambariki popote alipo.

Ila mimi nina kisa cha kinyume, na ningependa kukitetea. Shule haikuniharibia kitabu. Ilinipa.

Mimi ni mzaliwa wa Kitale. Tulipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na nakala moja ya Siku Njema ya Ken Walibora, na sisi tulikuwa darasa zima. Kwa hivyo alisoma kwa sauti, kurasa kumi hivi kila Alhamisi alasiri, akitembea kati ya madawati. Kongowea Mswahili anaanzia Tanga, mamake Zainabu Makame mwimbaji wa taarabu anafariki, halafu kijana anafunga safari kumtafuta baba asiyemjua. Na anakokwenda ni wapi? Kitale! Mwalimu alipolitamka hilo jina darasa zima lilipiga kelele. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mji wetu, na mahindi yake na baridi yake ya Julai, unaweza kuwa ndani ya kitabu, tena kama mahali mtu anapoota kufika.

Mimi pia nilikulia kwa nyanya bila kumjua babangu. Sikumwambia mtu darasani. Nilingoja tu Alhamisi.

Nimekirudia mara nne. Mara ya tatu ilikuwa Aprili 2020, wiki ile Walibora alipofariki Nairobi. Korona ilikuwa imezuia safari na mikusanyiko, hatungeweza kwenda kumzika, kwa hivyo nilikisoma kwa sauti jikoni, watoto wangu wakisikiliza huku wakimenya maharagwe. Mwaka huu mwezi wa pili nimekirudia tena, na nimegundua kwamba sasa ninamsoma mama zaidi ya mtoto. Zainabu ana kurasa chache, lakini wimbo wake hautoki kichwani.

Vuta n'kuvute sijakipata huku kwetu. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 nimeitazama. Kama kuna anayejua duka la Nairobi linalokiuza, anijulishe.

---

Mwl_Kanda_ya_Ziwa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Mimi ndiye yule mwalimu anayeandikisha "dhamira ya 3", hivyo nimesoma uzi huu kwa makini. Nina wanafunzi 87 na nakala 6. Swali la mtihani linasema "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma", na mtoto asiyejua hoja tatu anafeli, hata kama aliilia hadithi. Mama Zuhura, sikukatalii hata neno moja. Ninachosema ni kwamba sisi nasi tunaumia. Kitabu kinachopendwa kinahitaji muda, na ratiba inanipa vipindi vinavyohesabika.

Kuhusu Mwajuma, naomba tusimtakase. Mwalimu mwenzangu wa chekechea ana hoja. Mwajuma anakunywa kweli, na ile nyumba yake si madrasa. Lakini naona Shafi alimwacha hivyo kwa makusudi. Angemfanya mcha Mungu, tungesema kampokea Yasmin kwa ajili ya thawabu. Kwa vile alivyo, hatuna cha kusingizia. Dada yangu, madesa yenu yaliandika ukweli nusu, na wewe usije ukaandika nusu ya pili peke yake.

Cha kusoma: mimi natoka Ukerewe, mtanisamehe nikivutia kwetu. Kitafuteni kitabu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mzee yule alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kukichapa kwa lugha hiyo, akakaa na kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Hesabuni miaka aliyongoja.

Mke hajapata mtoto aliye hai, wazazi wake wanakuja kumchukua, mume anabaki na nyumba tupu. Hapo mtu wa leo angetegemea aoe mwingine. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi, na kitabu kinakupeleka naye hatua kwa hatua: migomba, kuivisha ndizi, kukamua, mtumbwi, mitungi. Wenzangu wengi hukiacha hapo wakisema kinachosha. Mimi babu yangu alikuwa mkamuaji, na nilimaliza sura ile mikono inanuka ndizi mbivu. Hakuna haraka humo, ni kweli. Ila mwanamume anayefanya kazi yote ile ili arudishiwe mke asiyemzalia, sijakutana naye kwenye riwaya nyingine yoyote ya Kiswahili.

Ijumaa, dakika kumi za mwisho, huwa nawasomea wanafunzi kipande chake. Hakimo kwenye mtihani, na ndiyo maana hawaandiki chochote. Wananitazama usoni tu.

---

MamaZuhura_Moro

Marahaba mwalimu, na asante kwa kunirekebisha. Nimelipokea. Mwajuma wangu nilikuwa nimeshaanza kumfua na kumpiga pasi.

Kaka wa Miembeni, hilo la mkono wa bahari sikulijua kabisa, na nimekisoma kitabu mara mbili. Nimerudi kwenye zile kurasa nikiwa na maji mbele ya macho, na zimebadilika. Peponi nitaiomba Dar wiki hii pamoja na Kuli. Nekesa, nikipata nakala ya pili ya Vuta n'kuvute nitakutafutia njia ya kuifikisha Kitale.

Niwape habari moja kabla sijafunga duka. Yule mama wa vitumbua yupo, yupo kwake hapa hapa, ila macho yana mtoto wa jicho na jiko ameliachia binti yake. Jana nilikwenda kumsalimia na kitabu kwenye mkoba. Nikamsomea kuanzia Gulamu anapomfukuza mtoto mpaka anapopokelewa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mkono wake umeshika goti langu. Nilipomaliza sikumwambia kwa nini nimechagua hapo.

Alikaa kidogo, kisha akaniuliza, "Na huyo Mwajuma mwenyewe, usiku ule alilala wapi?"

Ndipo nikakumbuka kwamba chumbani kwake kilikuwepo kitanda kimoja tu.