Mjadala: Bodaboda kisiwani Lamu – zitoke kabisa, zipangiwe mipaka, au ziachwe?

Mwanzisha mada

Assalaam aleikum nyote. Kwa asiyeijua hoja: kisiwa cha Lamu kilikaa miaka na miaka na magari ya kuhesabu kwa vidole. Mzigo ulibebwa na punda na mikokoteni, watu wakitembea au kupanda boti. Leo bodaboda zimejaa Wiyoni, Kashmir na Kandahari, zinakwenda Shela, Matondoni na Kipungani, na zinapenya hadi ndani ya Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Eneo lililoandikwa ni hekta 15.6 tu. Amri ya kuziweka nje ya eneo hilo imetolewa zaidi ya mara moja, na kila mara zimerudi. Wako wanaotaka zitoke kisiwani kabisa, wako wanaotaka zikomee nje ya Mji wa Kale, na wako wanaosema ziingie popote kwa masharti. Naomba tujadili kwa vipimo, maana kwa hasira tumeshajadili vya kutosha.

Mkaazi wa Mkomani

Waaleikum salaam. Nianze na kona za vichochoro vyetu vya Mji wa Kale, kwa sababu ndiko watu wanakogongwa.

Pikipiki ikienda kilomita 30 kwa saa inakata mita 8 na kitu kila sekunde. Toa sekunde moja ya kushtuka, kisha breki. Kwenye sakafu kavu itasimama baada ya mita 15 hivi. Penye mchanga mwembamba juu ya saruji, na kwetu mchanga uko kila mahali, hesabu mita 20. Ikienda kilomita 15, inahitaji kama mita 6. Sasa angalieni kona ya kichochoro. Ukuta wa nyumba umefika mpaka njiani, hakuna ukingo wala nafasi ya pembeni, na anayetokea upande wa pili humwoni mpaka awe mita 2 mbele ya tairi lako. Mtoto anayetoka mbio kwenye daka (ukumbi wa mlangoni) la nyumba yao humwoni kabisa mpaka mguu wake uwe njiani. Mwendo unaoweza kusimama ndani ya mita 2 ni kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea.

Kwa hiyo wanaosema "ziingie lakini polepole" waseme polepole gani. Kama si mwendo wa miguu, basi hawajasema kitu.

Fundi wa pikipiki

Hesabu yako siipingi. Naongeza upande wa injini, kwa sababu hapo ndipo sharti la mwendo wa miguu linapokufa.

Pikipiki yenye injini ya cc 125 au 150 na abiria juu, ikiwa gia ya kwanza, haitulii chini ya kilomita 8 hivi kwa saa. Ukishuka hapo inaanza kurukaruka na kuzima. Ili iende 5 lazima dereva ashikilie klachi nusu muda wote. Sahani za klachi zinasuguana, oili inachemka, na injini yenyewe inapozwa na upepo, ambao katika kichochoro haupo. Dereva akifanya hivyo siku nzima, klachi inakwisha haraka na faida yote inaishia dukani kwa vipuri. Atafanya nini? Ataongeza mwendo pale asipoonekana. Nawajua madereva hawa, si watu wabaya. Sharti ambalo mashine yenyewe inalikataa haliwezi kufuatwa na mtu yeyote.

Ila kuzitoa kisiwa kizima nalipinga kwa nguvu zote. Mtu wa Kipungani au Matondoni mwenye mgonjwa saa nane za usiku, maji yakiwa yametoka na boti imekaa kwenye tope, anabebwa na nini?

Mhudumu wa afya

Hilo la mwisho la fundi lisipitwe haraka. Tofautisheni wagonjwa wa aina mbili. Anayeweza kukaa, pikipiki inamfikisha salama akishikwa na mtu. Mama mwenye uchungu uliokolea, aliyevunjika paja, au aliyezimia, pikipiki inamuumiza zaidi: hawezi kujishikilia, na akibanwa kati ya watu wawili njia ya hewa inakunjika. Hao wanahitaji kulala. Ndani ya Mji wa Kale, machela yenye watu wanne inapita kila kichochoro na inageuka kila kona, hata ngazi inapanda. Kinachokosekana ni machela yenyewe kuwa karibu. Moja kila mtaa, imetundikwa msikitini au kwa mtu anayejulikana, pamoja na kamba za kumfunga mgonjwa. Kisha pawepo bajaji au gari dogo la wagonjwa linalosubiri ukingoni.

Kwa hiyo hoja ya wagonjwa ni ya kweli kwa vijiji na njia za nje. Kwa vichochoro vya Mkomani sioni kama inasimama.

Dereva wa bodaboda, Wiyoni

Sisi hatukatai kukaa nje. Tunakataa kufukuzwa bila kuonyeshwa pa kukaa. Abiria anatoka gatini kwenye boti na mzigo, anataka kupandia karibu. Tukiwa mbali, mmoja wetu atajipenyeza amfuate, na akishaingia mmoja, wote wanaingia. Tupewe stendi yenye kivuli. Pikipiki 20 zinataka mita 2 kwa 16 za kuegesha na njia ya mita 3 mbele yake ya kugeuzia. Si eneo kubwa.

Mwenye punda

Ndugu zangu, mnazungumza kama vile punda ni jibu lililo tayari. Kila mara bodaboda zikifukuzwa, mzigo wake unarudi kwenye mgongo wa mnyama, na hakuna anayeuliza ni kilo ngapi.

Punda wetu wa kawaida ana kilo 150 hivi. Kipimo wanachotumia wengi wanaojali ni theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Mmoja! Mara ngapi mmeona punda mwenye mfuko mmoja? Anapakizwa miwili, mmoja kila upande wa shogi (kapu la kubebea linaloning'inia mgongoni), kwa sababu mfuko mmoja haukai sawa na unamvuta upande. Anayetaka kupakia sawasawa awe na mifuko midogo ya kumiminia, kilo 25 kila upande. Ni kazi zaidi na vumbi zaidi, kweli, lakini mgongo unapona. Mchanga na mawe ndiyo hatari zaidi, maana hazina alama ya kilo. Mchanga uliolowa unazidi mkavu kwa uzito na ndoo ni ileile.

Kamba za nailoni nazo ni msiba. Zinakata chini ya mkia na kifuani, kidonda kinapata mchanga na jasho, na kesho kamba inarudi palepale. Pedi ya gunia lililokunjwa mara nne, na mkanda mpana wa vidole vinne, vinazuia vidonda vingi. Usiku wanaachiwa wajitafutie, wanakula takataka, na plastiki inaziba tumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na hali ikawa nafuu, lakini kamba na vifungashio bado vimejaa majaani.

Kama mnaandika kanuni za bodaboda, kanuni ya mzigo wa punda iandikwe siku hiyohiyo, katika karatasi hiyohiyo. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo tayari. Kinachokosekana ni kilo na mtu wa kuzikagua pale gatini mzigo unaposhuka.

Mkaazi wa Mkomani

Hapo umenigusa, mzee. Kweli tumekuwa tukidai zitoke bila kusema mzigo uende wapi. Nakubali kanuni zote mbili ziende pamoja.

Mwanasheria

Mnaniruhusu niseme kwa nini amri zinakufa? Watu wanalaumu rushwa na uzembe, lakini kuna sababu ya karatasi.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inazipa kaunti barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Mamlaka yapo. Lakini Kifungu cha 199 kinasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe katika Gazeti rasmi. Tangazo la kipaza sauti, barua kwa wenyeviti, au bango lililopigiliwa ukutani havijafika hapo. Na Kifungu cha 50 hakiruhusu mtu kutiwa hatiani kwa jambo ambalo halikuwa kosa alipolifanya. Askari anamkamata dereva ndani ya Mji wa Kale, anakosa kifungu, anamshtaki kwa kofia, koti la kuakisi au kubeba abiria wawili, ambayo yote yamo katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Dereva analipa, ananunua kofia, anarudi kichochoroni akiwa amekamilika kisheria. Kosa la kuwa kichochoroni halijawahi kuandikwa vizuri.

Kanuni inayoshika inataja mpaka kwa majina ya njia, si "Mji wa Kale na viunga vyake". Inataja saa. Inataja wanaoruhusiwa kupita, mmoja mmoja. Wenzetu wa visiwa vingine walifanya hivyo. Mackinac ya Marekani ilizuia magari mwaka 1898 na farasi wanafanya kazi mpaka leo, lakini gari la wagonjwa na la zimamoto yameachiliwa. Sark, kati ya Uingereza na Ufaransa, haina magari madogo. Ina matrekta, na ambulensi yake huvutwa na trekta. Helgoland ya Ujerumani inazuia magari na hata baiskeli, na zuio limeandikwa ndani ya kanuni za trafiki za nchi nzima.

Kijana wa Langoni

Na pikipiki za umeme je? Hazina moshi wala kelele, na zinakwenda kilomita 5 bila kuchoma klachi, maana klachi hazina.

Fundi wa pikipiki

Ni kweli, na mwendo unaweza kufungwa katika kompyuta yake ndogo. Lakini nyingi zina waya mmoja wa kikomo cha mwendo. Ukiuchomoa, kikomo kimekwisha, na kwa nje haionekani. Tena kwenye kona ya vichochoro ukimya wenyewe ni hatari: ile ya petroli angalau unaisikia. Chumvi nayo inakula viunganishi vya betri. Visipopakwa grisi vinaota ukijani na kupata moto.

Kuhusu kelele, haihitaji kifaa cha kupimia. Chukua nondo nyembamba, isukume nyuma ya egzosi. Silensa nzima ina kuta ndani, nondo inagota mapema. Iliyotobolewa, nondo inazama karibu urefu wote. Ukaguzi wa sekunde kumi. Ila mtofautishe: chumvi inatoboa silensa kwenye maungio ya chini bila dereva kugusa kitu. Huyo apewe siku za kuchomelea, asichanganywe na aliyetoa matumbo makusudi.

Mkaazi wa Mkomani

Na petroli? Tangi lina lita 10 na zaidi, pikipiki inalazwa usiku kichochoroni chini ya dirisha la mbao, hatua chache kutoka paa la makuti. Chupa za petroli za rejareja ziko barazani juani. Moto ukishika hapo, mpira wa zimamoto lazima uvutwe kwa mkono kutoka mbali, na pikipiki zilizoegeshwa ndizo zitakazoukwamisha. Kwangu hili peke yake linatosha kuzuia kulaza pikipiki ndani, hata wakiruhusu kupita.

Fundi mwashi

Sasa mniruhusu niharibu furaha kidogo. Kila mtu anasema "wekeni vyuma njiani, wasipite". Usukani wa pikipiki una upana wa sentimita 75 hadi 80. Punda mwenye shogi lililojaa anakaribia mita moja. Mwanya unaompitisha punda unapitisha pikipiki na nafasi inabaki! Vyuma viwili vya kusimama havisaidii chochote.

Kinachotofautisha ni urefu na kugeuka. Pikipiki ni mita 2 na haikunjiki. Punda anakunja shingo na kiuno. Jengeni kuta mbili fupi zinazopishana, moja kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, kila moja ivuke katikati ya njia, na kati yake mwanya wa mita 1.2. Punda anapita kwa kupinda. Pikipiki lazima iinuliwe nyuma na mtu mwingine.

Anayesukuma kiti cha magurudumu, Langoni

Samahani fundi, mita 1.2 inatufungia na sisi. Kiti cha magurudumu kinataka mita 1.5 kugeuka. Na mwenye mkokoteni je?

Fundi mwashi

Una haki, sikuhesabu hilo. Iwe 1.5 basi. Pikipiki itapita, lakini dereva atashuka, azime, aisukume mbele na nyuma mara mbili tatu. Anayepita hivyo kwa haki anaweza kupita, na mwenye abiria na haraka hatakubali. Mkokoteni hautapita popote penye kizuizi hicho, kwa hiyo viwekwe upande wa nchi kavu tu, na mikokoteni iingie kutoka ufuoni na uwanja wa Mkunguni, ambako panahitaji mtu wa kusimama. Juu ya mtaro msijenge: vifuniko vya mawe havibebi ukuta, na mtaro ukiziba maji machafu yanaingia ndani ya nyumba.

Dereva wa bodaboda, Wiyoni

Siku za Maulidi je, watu wakijaa mpaka njia za nje?

Mwanasheria

Kanuni itaje siku hizo zenyewe kwamba stendi inasogezwa nje zaidi, na isogezwe kwa notisi ya siku saba. Isiachiwe amri ya asubuhi.

Mhudumu wa afya

Kizuizi kimoja kati ya vyote kiwe cha chuma kinachofunguka, upande ulio karibu zaidi na hospitali. Kufuli iwe ya shaba, maana ya chuma itashikana kwa kutu kabla ya mwaka kwisha. Funguo tatu: hospitali, zimamoto, na jirani wa karibu ambaye halali mbali. Na ijaribiwe kila mwezi kwa kuifungua kweli, usiku, kwa tochi.

Mwenye punda

Huyo jirani achaguliwe na mtaa wenyewe.